Nyaraka, mashuhuda au kamera ya siri: uanzie wapi unapochimba uovu wa shuleni na chuoni?

Msichana wa mwaka wa pili aliweka simu yake mezani, kioo kikitazama chini, akaiacha hivyo karibu nusu saa bila kugusa soda aliyoagiza. Alipoigeuza nikaona ujumbe wa mstari mmoja kutoka kwa mhadhiri wake: aje achukue karatasi yake ya jaribio, aje saa moja jioni, aje peke yake. Nikamwuliza kama angeturuhusu kuutumia. Akasema, "Dada, mimi nina sapu yake Septemba."

Kwa asiyeijua lugha ya chuo, sapu ni mtihani wa kurudia, na wa kwake ungesahihishwa na yuleyule aliyetuma ujumbe. Tangu siku ile, mwandishi mchanga akiniletea dokezo la uovu wa shuleni au chuoni, kabla sijauliza lolote huwa namwuliza nani ana sapu Septemba.

Madokezo hayakauki. Michango inakusanywa na haijulikani inakoishia. Mtihani unauzwa kwenye makundi ya WhatsApp usiku wa kuamkia siku yake. Mwalimu amempa mwanafunzi ujauzito, naye amehamishiwa wilaya nyingine kimyakimya. Mhadhiri anafelisha wanaomkataa. Na kila unapobisha hodi, jibu ni lile la funika kombe mwanaharamu apite: mkuu wa shule anahofia ufaulu na cheo chake, chuo kinahofia jina na udahili, mzazi anahofia mwanawe ataandamwa. Waandishi huingia kwa njia tatu, yaani nyaraka, mashuhuda au kamera ya siri, na wengi hukwama hapo wasijue washike ipi. Vijana wengi huvutwa na kamera, kwa kuwa ndiyo inayosambaa mtandaoni. Habari za aina zote tatu zimepita mezani kwangu. Hapa naziweka kando kwa kando.

## Vipimo ninavyotumia

Kipimo cha kwanza ni ushahidi: je, utasimama siku chuo kitakapokanusha na mwanasheria wao atakapoandika barua? Cha pili ni muda na fedha, maana redio ya jamii yenye waandishi wanne haiwezi kuishi kama shirika kubwa la utangazaji. Cha tatu ni sheria. Cha nne ni anayebaki: habari ikishatoka, wewe umeondoka na gari la ofisi, nani amebaki kwenye lile darasa, ile ofisi ya uhasibu, ile hosteli?

Kipimo cha nne nakipa uzito kuliko vingine vyote, na sitaficha hilo katika maelezo yanayofuata.

## Njia ya kwanza: nyaraka

Ushahidi. Karatasi haitishiki, na haibadilishi maelezo ikipigiwa simu usiku. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilihakiki idadi ya wanafunzi shule kwa shule na kukuta zaidi ya 65,000 waliokuwa hewa, majina yaliyoandikishwa pasipo mtoto kwenye dawati. Ruzuku ya uendeshaji ilikuwa imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, kwa hiyo hesabu ya shule moja ingeweza kufanywa na mwandishi yeyote mwenye idadi iliyopelekwa halmashauri mkono mmoja na daftari la mahudhurio mkono wa pili.

Kenya nako, waliopata alama A kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, baada ya bodi ya KNEC, baraza la mitihani la huko, kuvunjwa na waziri Fred Matiang'i kukaza ulinzi wa mitihani, walikuwa 141. Takwimu hiyo haimtaji mwizi hata mmoja, wala haimhukumu mtoto yeyote aliyepata A yake kwa jasho. Inakuelekeza tu uende shule zipi ukaulize maswali gani.

Nyaraka nyingine ni ndogo mno hata huzihesabu kuwa nyaraka. Tuliwahi kufuatilia mchango wa mlinzi katika shule moja ya msingi. Badala ya kumbana mhasibu, mwandishi wetu alizunguka kwa wazazi akiwaomba stakabadhi zao, moja hapa, mbili kule, nyingine imekunjwa ndani ya kitabu cha kliniki ya mtoto. Tukazipanga juu ya mkeka kwa kufuata namba. Zilikuwa zimetoka kwenye vitabu viwili tofauti vyenye namba zilezile: kimoja wino wa bluu na muhuri wa shule, kingine wino mweusi bila muhuri. Mzazi mwenye namba 0318 ya bluu na mzazi mwenye 0318 nyeusi walikuwa majirani. Ushahidi wote tuliupata bila kumgusa mtu wa ndani hata mmoja.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inaonyesha pengo lakini mara chache inaonyesha mkono uliolichimba. Na kwenye rushwa ya ngono karatasi huwa chache kabisa. Utapata alama zilizobadilishwa, pengine barua ya malalamiko iliyopokelewa na kufungiwa kabatini. Kilichotokea ndani ya ofisi saa moja jioni hakikuandikwa popote.

Muda na fedha. Nafuu kwa fedha, ghali kwa subira. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya 2016 inaipa taasisi siku 30 kujibu ombi lako. Ile ya Kenya ya mwaka huohuo inatoa siku 21, na ukinyimwa unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andika ombi kwa kutaja waraka wenyewe, mwaka na idara. Ukiomba "taarifa zote kuhusu michango" umewapa sababu ya kukukatalia. Wakati unasubiri, soma ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, ambazo huwekwa hadharani kila Aprili: ile ya serikali za mitaa kwa ajili ya shule, ile ya mashirika ya umma kwa ajili ya vyuo. Ni kurasa nyingi zenye lugha kavu, na habari imelala kwenye majedwali ya mwishoni ambayo wenzako hawafiki.

Sheria. Hapa ndipo miguu yako imekanyaga ardhi ngumu zaidi, almradi waraka umeupata kwa ombi, mahakamani, kwenye ripoti ya wazi au kutoka kwa mwenye haki nao. Ulioletewa kwa siri ni jambo jingine. Sheria hiyohiyo ya Tanzania inampa anayefichua taarifa zilizozuiliwa kifungo cha miaka 3 hadi 5.

Anayebaki. Watu hudhani nyaraka hazimuumizi mtu. Zinaumiza. Waraka wa ndani una alama zake: muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, saini ya kando, kona iliyokunjwa, nakala iliyokwenda kwa watu watatu tu. Ukichapisha picha yake jinsi ulivyo, uongozi hauhitaji saa nzima kumjua karani aliyekupa. Ndiyo maana napenda waraka uliopitia mikono mingi, kama zile stakabadhi. Ukishindwa kuupata wa namna hiyo, andika yaliyomo na usionyeshe karatasi.

Inamfaa nani. Inamfaa mwandishi asiye na bajeti, redio ya jamii na gazeti la wanafunzi. Hasa wanafunzi, nami nina mfano ninaoupenda. Mwaka 2022 Theo Baker, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuandika kwenye gazeti la wanafunzi juu ya picha zenye dalili za kuchezewa katika makala za kisayansi za mkuu wa chuo hicho, Marc Tessier-Lavigne. Makala hizo zilikuwa zimechapishwa miaka mingi, kila mtu angeweza kuzifungua, na wataalamu wa kukagua picha za kisayansi walikuwa wameshatilia shaka baadhi yake hadharani. Jopo la uchunguzi halikumkuta mkuu huyo na kosa la kughushi yeye mwenyewe, lakini lilikuta kasoro kubwa katika kazi za maabara alizoziongoza na kusema hakuzisahihisha inavyostahili. Julai 2023 akatangaza kujiuzulu. Kijana wa mwaka wa kwanza hakuhitaji kumshawishi mtu yeyote avunje siri, kwa sababu ushahidi wake ulikuwa maktaba.

## Njia ya pili: mashuhuda

Ushahidi. Shahidi mmoja anakupa dokezo, si habari. Wawili wasiofahamiana, waliosoma miaka tofauti, wakikueleza mwenendo uleule wa mtu yuleyule (karatasi ya jaribio inayobaki ofisini, simu ya jioni, ahadi ya "tutaangalia alama zako") wanakupa msingi. Ninachotafuta ni huko kurudiarudia. Kisha kila maelezo yapime kwa kitu kilicho nje ya mdomo wa msemaji: ratiba ya vipindi ya muhula ule, tarehe za ujumbe kwenye simu, rafiki wa chumba aliyeelezwa usiku uleule, alama zilizobandikwa ubaoni.

Na mpime mtuhumiwa kwa haki ileile. Aliyefeli anaweza kuwa na kinyongo. Mhadhiri mkali anayekataa kuongeza alama hutengenezewa uvumi na haohao aliowakatalia. Mpe maswali yako kwa maandishi, mpe siku za kutosha, na jibu lake lichapishe kwa ukamilifu hata kama linaharibu mtiririko wa habari yako.

Muda na fedha. Gharama ni nauli, vocha na miezi. Haiwezekani kumharakisha mtu aliyeumizwa. Nimeona mwandishi akikutana na shahidi mmoja mara tisa, na mara nane za kwanza daftari halikufunguliwa.

Sheria. Mwambie shahidi ukweli kuhusu kinga, usimpambie. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, lakini imeandikwa kwa ajili ya anayepeleka taarifa kwa mamlaka. Anayezungumza na mwandishi asiahidiwe kivuli chake. Rushwa ya ngono yenyewe ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwa hiyo shahidi anaweza pia kwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au kupiga 113, na ni haki yake kulijua hilo hata kama kwenda kwake huko kutakuharibia habari ya peke yako. Kenya, kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamtishia mwalimu anayetumia nafasi yake kumrubuni mwanafunzi kwa kifungo kisichopungua miaka 10. Na waraka wa TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, Na. 3 wa 2010 unaingiza hatiani kinidhamu hata yule anayejua akanyamaza. Kwa mwandishi wa Kenya waraka huo una faida kubwa: swali lako kwa mwalimu mkuu halibaki "ulijua?" tu, linakuwa "ulimwandikia nani, tarehe ngapi?"

Anayebaki. Njia hii inatuumiza vichwa hapa kuliko penginepo. Kubadilisha jina hakutoshi. Miaka iliyopita tulimwita binti "Rehema", tukaficha sauti na sura, halafu tukaacha kwenye maelezo kwamba ni yatima, anaishi hosteli na anasoma kozi yenye wanafunzi 38. Habari ilirushwa saa mbili usiku, na kabla ya saa tatu jina lake halisi lilikuwa kwenye kundi la darasa. Hakuna aliyemdhuru, lakini alihamia kwa shangazi yake muhula mzima na kila asubuhi alipanda daladala mbili kufika chuoni. Kosa lilikuwa letu. Siku hizi tunamsomea shahidi kila sentensi inayomhusu na kumwuliza, "Mwenzako gani atakutambua kwa hii?" Kinachomtambulisha kinatolewa, hata kama ndicho kitamu zaidi.

Panga naye pia siku ya kutoka. Baada ya sapu, baada ya utetezi wa tasnifu, baada ya cheti kutoka. Mwandishi asiyekubali kusubiri kalenda ya chuo asiishike njia hii.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye muda, mwenye mhariri anayejua kusubiri, na mwenye kifua cha kutunza jina hata ofisini kwake. Kwenye vyuo vingi, waandishi wa kike wamefungua milango ambayo wenzao wa kiume walisimama nje yake. Pia inamfaa anayechunguza uovu wa zamani, kwa kuwa waliohitimu hawana sapu. Tafuta waliomaliza miaka mitano iliyopita kabla hujamgusa aliyeko darasani leo.

## Njia ya tatu: kamera ya siri

Ushahidi. Hakuna kinachokata ubishi kama mtu kuonekana kwa sura yake na kusikika kwa sauti yake. Oktoba 2019 BBC Africa Eye ilirusha uchunguzi wa rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Lagos, Nigeria, na Chuo Kikuu cha Ghana. Wahadhiri walionaswa walisimamishwa ndani ya siku chache, na wawili wa Lagos wakafukuzwa kazi mwaka 2021. Miaka mingi ya malalamiko ya wanafunzi haikuwa imefanya hivyo.

Watu huikumbuka kamera na kusahau kilichotangulia. Walioivaa walikuwa waandishi waliojifanya wanafunzi. Hawakuwa na alama za kupoteza, hawakuwa na hosteli ya kurudi, na nyuma yao kulikuwa na timu inayojua wako chumba gani. Na kabla ya kamera kuwashwa kulikuwa na mashuhuda, mwanahabari Kiki Mordi na wenzake wakizungumza na wanawake wengi. Kamera iliingia mwishoni, kuthibitisha mwenendo uliokwisha kujulikana, kwa watu waliokwisha kutajwa na zaidi ya mmoja. Kuiwasha ili kutafuta kama kuna uovu ni kuvizia watu, na chochote utakachonasa kitabaki na doa.

Muda na fedha. Ghali kuliko zote. Kazi ile ilichukua mwaka mzima. Kifaa chenyewe siku hizi hupatikana kwa bei ya simu ya kawaida, lakini gharama ya kweli ni watu: wa kusikiliza mubashara, wa kukaa kwenye gari nje, mwanasheria wa kutazama kila dakika ya mkanda, mshauri nasaha wa kukaa na mwandishi aliyeshikwa mwili na mtu anayemchunguza. Asiye na hayo hana njia ya tatu, hata akiwa na kamera.

Sheria. Ardhi ni tope. Katiba ya Tanzania inalinda faragha katika ibara ya 16, ya Kenya katika ibara ya 31. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya inayo ya 2019, ambayo kifungu chake cha 52 kinaipa nafuu kazi ya uandishi yenye maslahi ya umma. Mwone mwanasheria kabla ya kurekodi, si baada. Na usijichanganye na TAKUKURU: wao wakiweka mtego wana mamlaka ya kukamata na njia ya kufikisha ushahidi mahakamani. Mwandishi anayechokoza, anayemwita mhadhiri yeye, anayependekeza nyumba ya wageni yeye, ameharibu habari yake na pengine kesi ya watu wengine.

Anayebaki. Kama aliyevaa kamera ni mwandishi, hatari kwa anayebaki ni ndogo kuliko katika njia ya pili. Hilo huwashangaza wengi, lakini ndivyo ilivyo, kwani mhadhiri hana wa kumwandama. Kama aliyevaa ni mwanafunzi, mambo yanageuka kabisa. Umemrudisha mtu kwenye chumba alichokimbia, safari hii akiwa na kitu ambacho kikionekana anaweza kupigwa. Mimi sipitishi, na nimegombana na watu wazuri juu ya hilo. Mwanafunzi aliyejirekodi mwenyewe kabla ya kuja kwako ni habari nyingine: pokea, nakili, hifadhi faili la asili bila kulikata, na mwambie asirudi tena.

Inamfaa nani. Inafaa chombo kikubwa, au vyombo viwili vitatu vilivyoungana, chenye ushahidi wa mashuhuda tayari mkononi na mtuhumiwa mwenye nguvu kiasi kwamba neno la mwanafunzi halitasikika mbele ya neno lake.

## Zinavyoshikana mikono

Sipendi mtu afikiri kwamba ni lazima kuoa njia moja. Kesi ya Larry Nassar, daktari wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, aliyewadhalilisha kingono wasichana wa mazoezi ya viungo, ilianza kwa karatasi. Waandishi wa gazeti la Indianapolis Star walikuwa wakifuatilia jinsi shirikisho la mchezo huo lilivyokalia malalamiko juu ya makocha, wakachukua faili la kesi katika mahakama ya Georgia. Tarehe 4 Agosti 2016 wakachapisha. Jina la Nassar halikuwamo. Siku hiyohiyo Rachael Denhollander, aliyewahi kuwa mgonjwa wake, akaisoma na kuwaandikia barua pepe. Alikuwa ametunza kumbukumbu zake za matibabu kwa miaka 16, akakubali jina lake litumike. Karatasi ilimfungulia shahidi mlango, naye shahidi akaja na karatasi zake. Januari 2018, wakati wa kutoa hukumu, zaidi ya watu 150 walitoa maelezo yao mahakamani. Nassar akafungwa miaka 40 hadi 175, mkuu wa chuo akajiuzulu, na chuo kikakubali kulipa dola milioni 500. Maelfu ya nyaraka chuo kiliendelea kuyashikilia kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Usiri haukufa na hukumu.

## Kwa hali yako

Kama dokezo lako ni la fedha, yaani michango, ruzuku, zabuni ya chakula au wanafunzi hewa, anza na nyaraka na uwezekano ni mkubwa utamaliza nazo. Anza na zile zilizo mikononi mwa wengi: stakabadhi za wazazi, ubao wa matangazo wa shule, ripoti ya CAG. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima katika shule za umma Tanzania hadi kidato cha nne, stakabadhi ya mchango wa kulazimishwa ni habari tayari.

Kama ni chuo binafsi kinachosema sheria ya taarifa haikihusu, isome tena sheria hiyo. Ya Tanzania inavigusa pia vyombo binafsi vinavyotumia fedha za umma au vyenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Omba hata hivyo, na jibu lao la maandishi la kukataa lihifadhi.

Kama ni mtihani uliovuja, muda ndio adui. Mwaka 2018 NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, ilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za wilaya ya Chemba na shule nyingine kadhaa, na watoto wakarudia mtihani Oktoba. Waliorudia walikuwa wengi kuliko walioiba. Karatasi ikikufikia kabla ya siku ya mtihani, piga picha ujumbe wenye tarehe na saa, ripoti kwa baraza la mitihani siku hiyohiyo, kisha andika. Kuikalia ili habari yako inoge ni kuwarudisha watoto wasio na hatia kwenye chumba cha mtihani.

Kama aliyeumizwa yuko chini ya miaka 18, weka uandishi pembeni kwanza. Namba 116 ya msaada kwa mtoto inafanya kazi Tanzania na Kenya, na vituo vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Elimu ya Tanzania, ilivyorekebishwa 2016, inatoa miaka 30 jela kwa anayempa ujauzito mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kesi hiyo usiiharibu kwa mahojiano ya kamera. Habari yako baadaye itakuwa ya watu wazima: nani alijua, nani alisaini uhamisho wa mwalimu. Hapo nyaraka na walimu wenzake ndio njia.

Kama wewe ni mwanafunzi na uovu uko kwenye chuo chako, kumbuka kwamba wewe pia una sapu yako. Shika yaliyo wazi na waliohitimu, na kwa yale yanayohitaji mashuhuda walioko darasani, mpe dokezo mwandishi wa nje. Kamera iache kabisa.

Kama una chombo kikubwa, mashuhuda watano wanaokubaliana na mhadhiri asiyegusika, hapo kamera ina haki ya kuzungumzwa mezani, mwanasheria akiwepo.

Na kama ulichonacho ni mtu mmoja tu, bado yuko darasani, na ana ujumbe kwenye simu: nakili ujumbe, andika tarehe, mwache aende akasome. Watafute waliomtangulia. Yule wa mwaka wa pili tulimsubiri. Alifanya sapu yake Septemba, matokeo yakabandikwa Oktoba, na Novemba ujumbe wake ulitoka ukiwa mmoja kati ya saba, sita zikiwa za waliokwisha kuhitimu.